Hesabu ya Igombe

Saa kumi na mbili kasoro. Mitumbwi imekwisha kuvutwa,
taa za wavuvi zimezimika moja moja majini,
na dagaa wangu bado wako ndooni, wabichi, wanang'aa.
Lushinge kaja na pikipiki kutoka Malimbe,
kijana wa chuo, suruali imelowa umande hadi magotini,
shingoni darubini, kwapani fomu.
"Mama Nkwimba," anasema, "leo usiwafukuze.
Leo nisaidie kuwahesabu."

Nimecheka mpaka khanga ikalegea.
Miaka kumi na mmoja kazi yangu hapa
ni kugonga debe, kurusha kokoto, kutukana kwa Kisukuma
kila chenye mbawa kinachotua kwenye chanja zangu.
Ndege wa Igombe wananijua kwa sauti.
Sasa niwahesabu kama wapangaji?

Kaniwekea darubini machoni.
Kwanza nikaona kope zangu tu, halafu ukungu,
halafu, Mungu wangu, jicho:
jicho la kitwitwi, jeusi, lenye duara jeupe,
karibu nami kama la mtoto anayenyonya.
Mkia unapanda unashuka, unapanda unashuka,
kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

"Hawa wageni," Lushinge ananifundisha.
"Walikuja Septemba. Sasa wanarudi kwao,
kaskazini, kupita jangwa, kupita bahari,
huko ambako theluji ndiyo kwanza inayeyuka."
Nami nawaza: mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hawa wamekaa miezi saba
na mpini hawajaushika.
Wanachojua ni dagaa wangu tu.

Tukahesabu. Yeye kwa kalamu, mimi kwa punje za mahindi
nikizihamisha kutoka kikombe hadi kikombe.
Mbayuwayu kwenye waya wa umeme, mia mbili na kumi,
wakahama wote kwa mpigo, tukaanza upya.
Keremkerem kumi na wanne, wakilia juu kwa juu bila kutua.
Mnandi usimwandike, kasema, huyo mwenyeji.
Na kunguru?
Kunguru ni kunguru, mama.
Vitwitwi juu ya majabali: thelathini na saba.

"Andika na chakula chao," nikamwambia.
"Andika: dagaa wa Nkwimba."
Kijana akashusha kalamu.
"Kitwitwi hali dagaa, mama.
Anakula nzi wanaotua juu ya dagaa."

Sikujibu. Nilikuwa nachagua punje iliyobunguliwa.

Jua lilipogusa jabali la juu, waliinuka.
Hakuna aliyewafukuza; naapa, mikono yangu ilikuwa magotini.
Wakapita chini chini juu ya maji, kuelekea Ukerewe,
mbawa zikitetema, sauti nyembamba
kama msumari ukipita kwenye bati.
Nikahesabu punje: thelathini na sita.
Nikazihesabu tena.

Kwenye jabali dogo, pale ninapokaushia nyavu,
mmoja. Kasimama kwa mguu mmoja.
"Anapumzika," kasema Lushinge. "Ndege hulala hivyo."
Akaruka hadi jabali la pili. Mguu mmoja.
Wa pili ulining'inia
kama uzi wa kifungo kilichodondoka.

Novemba, mvua haikutupa hata siku moja ya jua,
dagaa walikuwa wananuka, mwenye mtumbwi anadai,
nilirusha kokoto bila kutazama.
Kitu kililia. Sikugeuka.

"Kwa nini huyu kabaki?" ananiuliza, kalamu hewani.
Fomu ina safu ya waliofika, ina safu ya walioondoka.
"Andika mmoja," nikasema.
"Wapi?"
"Popote penye nafasi."

Saa mbili nimewamwaga dagaa. Nzi wamekuja, kama kawaida yao.
Kunguru nimemtukana, yeye na ukoo wake.
Debe nimeligonga
upande wa huku tu.